Maoni ya Kumi na Saba

Mdogo wangu Penseli,

Pokea salamu zangu, na uzigawe kwa wifi na watoto kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika mwisho huenda ukasahau. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua kila nikipanda ngazi kufikia rafu ya juu. Kile kikohozi kimeshaniaga. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba sasa unakalia kiti cha maana unapochora, si kile kigoda chako. Mwambie mwanao mkubwa kwamba shangazi amepata picha ya paka aliyomchorea. Nimeibandika mlangoni mwa duka na watu wananiuliza huyo ni mbuzi wa aina gani.

Najua utashangaa kupata barua ndefu hivi wakati simu ipo. Kwenye simu nina ulimi mwepesi, wewe mwenyewe unanijua. Karatasi inanilazimisha niende polepole, na safari hii nataka niende polepole.

Nianze na habari za diski yako, maana ndizo unazozingoja. Tangu filamu ya vitabu vyako vya katuni vya Bwana Brashi itoke kwa ajili ya watu kutazama majumbani, dukani kwangu hakuna amani. Nakala zote sita ziko nje muda wote, na wanaozirudisha hawaondoki, wanasimama kaunta kubishana. Ilipokuwa kwenye majumba ya sinema watu walikuwa kitu kimoja. Mchora mabango anaandika "mlango" ukutani na ukuta unafunguka, anaandika "mvua" na maadui wanalowa chapachapa, mwisho anaondoka zake akipiga mluzi, brashi mfukoni. Walicheka, wakapiga makofi, wakarudi makwao. Sasa diski imekuja na zile dakika kumi na moja walizozikata na wewe ukapigania zirudishwe: Bwana Brashi yuko kitandani, mwanawe amemshika mkono, na kabla ya kukata roho anamwambia asiache kuchora, kwamba mkono wa mwana ni mkono wa baba. Dakika hizo kumi na moja zimeugawa mtaa mzima.

Uliponiomba nikukusanyie maoni ya watazamaji niliweka daftari kaunta, na kalamu nikaifunga kwa uzi, kwa sababu wateja wangu ni watu wazuri lakini kalamu hawairudishi. Kila anayerudisha diski anaandika lake, nami natia namba pembeni. Umeshayasoma mengi. Dereva wa lori alilia mpaka mkewe akadhani wamefiwa. Kinyozi wa jirani akaandika kwamba yeye alitaka ngumi akapewa wodi ya wagonjwa. Mwalimu wa hesabu akajaza ukurasa mzima kueleza kwamba ile ya sinema ilikuwa tamu tu, na hii ndiyo filamu yenyewe, na chini yake mkewe akaandika mstari mmoja, kwamba mumewe asisikilizwe, alisinzia. Tangu wiki iliyopita kinyozi na dereva wa lori hawasalimiani. Dereva sasa ananyolewa mtaa wa pili, na kinyozi wa huko amemharibu kichwa vibaya sana.

Ningependa niishie hapo, tucheke, nikutakie kazi njema. Lakini sivyo.

Nilikuwa sijaitazama hiyo diski, Penseli. Nilikwambia nimeitazama mara mbili, nilikudanganya. Niliikodisha kwa watu kama muuza chakula asiyekila. Niliitazama Jumapili iliyopita baada ya kufunga duka mchana, kwenye kile kiti cha baba chenye mguu uliofungwa waya. Nilijikaza kisabuni mpaka kwenye kile kitanda. Umekichora sawasawa: blanketi lenye mistari, dirisha la upande wa kushoto, kopo la brashi juu ya stuli. Yule kijana alipomshika mzee mkono nikasimama nikazima.

Halafu nikawasha tena, na bahati mbaya nikaangukia kwenye mahojiano yako. Umevaa lile shati nililokutumia. Mwulizaji anakwambia kwamba wapo wanaodai kipande kile kimetiwa chumvi, na wewe unamjibu kwa upole kwamba hakuna chumvi hata chembe. Unasema maneno yale ni ya baba yetu, neno kwa neno, kwamba dada yako alikuwa kando yake na ndiye aliyeyasikia. Sasa unajua kwa nini watu wanapokuja dukani wananishika mkono wangu kwa mikono yao miwili. Dereva wa lori ananiita shahidi. Ananiambia nina bahati.

Siku mbili baadaye akaja fundi wa mawe. Ni mtu wa maneno machache, mikono imejaa vumbi jeupe ambalo nadhani halitoki tena. Alisema umempigia simu kuhusu jiwe la kaburi la baba, na kwamba umemsomea maneno ya kuchonga, lakini umemwagiza aje kwanza kwangu nimthibitishie, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyasikia. Akatoa karatasi. "Mwambie asiache kuchora. Mkono wake ni mkono wangu." Aliniuliza kama kuna neno la kuongeza au kupunguza, maana likishachongwa halifutiki. Nilimwambia angoje. Akasema anataka kuanza Jumatatu ijayo. Nikamwambia tena angoje, tena kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, akaikunja karatasi yake akaenda zake.

Na siku hiyohiyo ndipo barua yako ilipofika, ukiniuliza yako wapi maoni ya kumi na saba. Nilipokunakilia maoni nilikunakilia na namba zake, kwa ujinga wangu wa kupenda mpangilio, na wewe ukaona nimetoka kumi na sita nikaenda kumi na nane. Ukanitania kwamba dada mtu hajui kuhesabu, au kuna mteja katukana akafichwa. Ukasema hata kama ni matusi niyalete, wewe si yai.

Hakuna matusi. Maoni ya kumi na saba ni ya yule muuguzi mstaafu ambaye kwa kawaida huazima filamu za kuchekesha tu. Nimeukata ukurasa wake kwa wembe na nimeuweka ndani ya bahasha hii ili uuone kwa mwandiko wake. Ameandika hivi: "Nimekaa na wanaokata roho kwa miaka thelathini. Hawatoi hotuba. Wengine huomba maji, wengine huuliza nani yupo hapo. Aliyetunga kipande hiki hakuwepo. Simlaumu, namhurumia, kwa sababu naona alitamani sana angekuwepo."

Niliyasoma, nikalifunga daftari. Wewe ungeyasoma ungedhani anakusema wewe, kwa kuwa kweli ulikuwa mbali na hukuweza kuwahi. Kwa hiyo nikajiambia nakuficha ili usiumie. Huo nao ni uongo. Nilikuficha kwa sababu anayesemwa pale ni mimi.

Penseli, sikuwepo.

Acha nikueleze yote, na usiruke mstari. Nilikuwa nimekaa ndani na baba siku nane. Siku nane za kumgeuza, kumfuta, kumlisha uji kwa kijiko na kuokota uji huohuo kifuani mwake. Asubuhi ya siku ya tisa alikuwa amelala, anapumua vizuri kuliko jana yake. Usiku nilikuwa nimemvua miwani nikaiweka juu ya stuli, kando ya kopo la brashi, kama kila siku, maana unajua baba hakuwahi kulala na miwani. Nikajiambia naenda kufungua duka kwa saa moja tu, wateja wasije wakanisahau. Hakuna mteja aliyekuwa ananidai kitu. Nilitaka kutoka, basi. Nilitaka kunusa kitu kingine.

Nikaketi kaunta, nikaweka filamu ya kuchekesha. Nilicheka. Hili ndilo gumu kuliko yote kuliandika. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikaiacha iendelee hata saa moja ilipokwisha, kwa kuwa ilikuwa imefika pazuri.

Niliporudi alikuwa ameshapoa. Na alikuwa amevaa miwani.

Unaelewa maana yake. Aliamka. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaipata, akaivaa ili aone nani yupo. Uso ulikuwa umegeukia mlangoni. Kopo la brashi lilikuwa chini, brashi zimetawanyika mpaka uvunguni, labda aliligonga alipokuwa akitafuta miwani, labda alitaka nisikie kishindo. Sijui alisema nini. Pengine alisema mengi. Pengine kweli alikutaja wewe, pengine aliniita mimi, pengine aliomba maji. Nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumsikia.

Ulipopiga simu ulikuwa unalia kiasi kwamba sikuyashika maneno yako, ila lile moja: uliniuliza kama alisema chochote. Nilifungua mdomo nikusimulie haya. Nikasema ndiyo, alisema. Ukaniuliza alisema nini, na ulimi wangu mwepesi ukakutungia. Nilidhani ni neno la siku moja, la kukutuliza upate usingizi. Sikujua kwamba utalichora. Kitabu chako cha mwisho cha Bwana Brashi kilipofika nikaliona limeandikwa kwenye lile puto la maneno mdomoni mwake, nikajifungia bafuni. Nikasema nitakwambia ukija likizo. Ulipokuja ulikuwa na furaha, wamekubali kutengeneza filamu. Waliposema wanakikata kile kipande, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikaona limezikwa. Kumbe wewe huko unakula kiapo kwamba litarudi. Umegombana na watu, umekosa usingizi, umewanyamazisha wakubwa wa kampuni kwa ajili ya sentensi niliyoitunga mimi nimesimama jikoni, waya wa simu nimeuzungushia kidole.

Basi watazamaji wako wanaobishana, wote nimewasikiliza na sasa naweza kukupa hesabu yao. Wanaolia wanalia kweli, usiwadharau. Wanaosema kipande kile si cha kweli wana masikio mazuri. Kosa si la mchoro wako. Wewe ulichora kwa uaminifu kile ulichoambiwa, na aliyekuambia alikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nitaomba siku nyingine, ana kwa ana, nikupe nafasi ya kunitukana vizuri. Ninachokuomba sasa ni kimoja: yale maneno yasichongwe. Kwenye diski yataishi yanavyoishi, mtu akichoka anazima. Lakini siwezi kwenda kaburini kwa baba nikasome maneno yangu juu ya kifua chake. Unakumbuka alivyokuwa akigombana na wateja waliotaka maelezo marefu kwenye mabango, akiwaambia kwamba maneno mawili yanatosha na la tatu ni kelele. Duka langu aliliandikia "Filamu Hapa" na nilipomwomba aongeze "Karibuni" akanijibu kwamba mlango uko wazi, watakaribia wenyewe. Mwandikie jina lake, na chini yake "Mchora Mabango". Fundi wa mawe anangoja simu yako, na mimi nimemwambia asiguse patasi mpaka aisikie sauti yako.

Miwani ninayo. Sikuizika naye, na sikumwambia mtu kwa nini. Iko kwenye droo ya kaunta, chini ya daftari la maoni. Kioo cha kulia kina alama ya kidole chake, na kwa miaka minne sijathubutu kukifuta. Ukiitaka nitakuletea mwenyewe, siwezi kuituma kwa posta.

Kabla sijaanza barua hii niliandika na mimi kwenye daftari. Ni maoni ya arobaini na tatu, ya mwisho, kwa kuwa sasa nimeliondoa pale kaunta. Nimeandika kwamba filamu ni nzuri, na kwamba muuguzi anasema kweli. Alipokuja jana kurudisha diski nyingine nilimwonyesha. Aliyasoma polepole, akavua miwani yake akaifuta, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa hapahapa, kwenye kiti hiki. Hakunishika mkono. Alichukua filamu nyingine ya kuchekesha akaenda zake, na mimi nikaona ni haki.

Msalimie wifi sana, na mwambie akae karibu nawe ukimaliza kusoma. Wabusu watoto. Huyo mkubwa mwambie aendelee kuchora paka wake, na wala asisubiri kuambiwa na mtu.

Ni mimi dada yako,
ambaye hakuwepo.