Pua Yangu Imetangulia

Uyole, Mbeya
Jumatatu asubuhi, ukungu haujainuka

Kwa mdogo wangu mpenzi Tekla,

Kamwene. Na kamwene tena, maana ya kwanza ni yako na ya pili ni ya huyo aliyemo tumboni, asije akasema mjomba wake hana adabu. Natumaini barua hii itawakuta wewe na shemeji mkiwa wazima, na kwamba ule uvimbe wa miguu umepungua. Sisi huku tuko salama. Wifi yako Frida anakusalimu. Njegere zimekubali, mahindi yamekomaa, na baridi ya Uyole ni ileile: asubuhi ukitoa pumzi, unaiona inakwenda zake bila kuaga.

Mleta barua ni mama. Najua atataka umsomee kwa sauti kabla hata hajavua koti, kwa kuwa macho yake siku hizi yanakubali ile Biblia ya herufi kubwa tu. Basi msomee. Mama, pole na safari.

Sasa nikuhadithie maandalizi yetu, maana safari hii watu wataisimulia hata tukiwa tumekufa. Uliponipigia simu ukilia kwamba daktari amekukataza kusimama, kwamba wale wawili wa mwanzo hawakukaa na safari hii humtaki mtu ila mama, nilikuambia mama atafika Ujerumani, na nitamleta mimi mwenyewe. Ukatutumia masharti: chanjo, cheti chenye ile picha ya vidoti vidoti, na kupimwa pua siku tatu kabla ya ndege. Watu wa hapa waliposikia walishika vichwa. Mimi nilicheka. Niliwaambia mtu aliyewahi kulala porini Chunya na simba akamfunika miguu asipigwe na baridi, haogopi cheti.

Nilikwenda Kilolo kumchukua mama tukachanjwe. Pale zahanati wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitutania, wakiniuliza kama kweli nakwenda kwa Wajerumani na kichwa hiki. Nikawajibu kwamba kichwa cha Mtwa Mkwawa kilikwenda kulekule na kikarudi Kalenga, bila paspoti wala cheti cha chanjo. Mimi nakwenda kikiwa juu ya mabega, nitashindwaje? Benchi zima lilicheka mpaka nesi akatoka nje kuangalia. Mama ndiye aliyetangulia. Alipandisha mkono wa blauzi, akaonyesha lile kovu lake la chanjo ya ndui la utotoni, akamwambia nesi atafute nafasi nyingine, hii imeshakaliwa. Hakukunja hata uso. Zamu yangu ilipofika, sindano ilipinda. Msuli wa mchimba dhahabu si wa mchezo. Mama atakuambia nilizimia. Usimsikilize. Nilikuwa nimefumba macho nikiwaza.

Niliporudi Mbeya, mama alinipigia simu kila jioni kunikumbusha kujifukiza, ili siku ya kupimwa wanikute pua imefagiliwa. Frida alichemsha majani ya mkaratusi, limao na tangawizi, akaweka sufuria katikati ya miguu yangu, akanifunika blanketi. Tekla, mle ndani ni nchi nyingine. Mvuke ukipanda huoni magoti yako. Nilikaa nikasikia kama kigoda kinaachana na ardhi taratibu, nikapita juu ya Mlima Mbeya, nikaona mji wako chini, paa zote nyeupe, na wewe umefungua dirisha unatazama juu. Nikakupungia mkono. Frida anasema nilipunga kweli, nikamwaga maji.

Siku ya kupimwa nilivaa suti. Sista mmoja wa hospitali aliingiza kijiti puani, kikaenda, kikaenda, nikadhani kitatokea Tukuyu. Kikafika mahali ambapo nadhani hakuna mtu aliyewahi kunigusa. Ghafla nikasikia harufu ya shamba letu la pareto, lile la kule juu, maua meupe mpaka mbinguni, na uzito wako mgongoni mwangu nikikuvusha mtoni ukiwa umelala. Nikapiga chafya moja, kioo cha dirisha kikapata ufa. Sista akasema kilikuwa na ufa tangu zamani. Adabu tu hiyo, hakutaka nilipe.

Kile kijiti kikawekwa kwenye boksi la barafu ili kipande ndege kwenda kupimwa Dar es Salaam. Mimi sijawahi kupanda ndege, na pua yangu imetangulia! Nilikwenda mpaka karibu na uwanja kule Songwe, nikasimama kando ya uzio. Ndege ilipoinuka nilihisi ubaridi kwenye ncha ya pua, nikajua nimeshafika mawinguni. Nilibaki pale nikitazama mpaka mlinzi akaniuliza nimemsindikiza nani. Nikamwambia nimejisindikiza mwenyewe.

Majibu yakaja. Sista alipiga simu akasema nimefaulu, hajawahi kuona pua safi kama ile tangu aanze kazi. Lakini siku hiyohiyo, kumbe Mungu naye ana mipango yake, wenzangu wa Makongolosi wakanitafuta wakisema lile shimo langu limetoa dhahabu, mwamba umefunguka kama mlango wa kanisa, na nisipokwenda wataigawana. Basi nimebaki kulinda mali. Mama amekuja peke yake, na Benedicta wa shangazi amemfikisha mpaka uwanja wa ndege. Nimekosea, mama, lakini dhahabu haina subira.

Tekla, ukifika hapa jikohoze. Sema barua imeisha, na kwamba Zabron anamsalimu sana mama. Mpeleke akaoge maji ya moto. Haya yanayofuata soma kimoyomoyo ukiwa peke yako.

Hakuna dhahabu. Lile shimo lina maji na vyura.

Sista aliponipigia hakusema pua safi. Aliniita mzee Zabron, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akasema ugonjwa unao. Nilimwomba aangalie tena. Akasema ameshaangalia. Mama alipimwa Iringa, yeye hana, na sikuwa nimeonana naye tangu siku ile ya zahanati. Hilo nililishukuru kwa magoti.

Sasa nimo chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunaweka mbolea. Frida anaweka uji dirishani, anagonga, anarudi mpaka kwenye mparachichi, ndipo nafungua. Alikaanga kitunguu kunijaribu, sikusikia harufu yoyote. Homa yenyewe haina ukali, naelea tu. Nalala nimekaa, kwa kuwa nikinyooka kifua kinakataa. Kuta zinakwenda mbali, zinarudi. Jana niliona pareto imechanua mle chumbani, na wewe unapita katikati umebeba mtoto, nikakuita ugeuke nimwone uso. Hukugeuka. Kwa hiyo sijui kama ni wa kike au wa kiume, usiniulize.

Mama yetu unamjua. Baba alipolala, hakutoka kando ya kitanda kile hata kwenda kuteka maji. Angesikia neno hili, angepanda basi la kuja Mbeya badala ya la kwenda Dar, akakaa chini ya dirisha langu akiimba tenzi, cheti chake kikaisha muda na ndege ikaondoka, na wewe umelala huko unatazama mlango. Kumwambia kwamba naogopa ndege asingekubali, angenivuta sikio. Ilibidi nitafute uongo atakaouamini bila kuuliza swali, nikauona: ule anaonishuku nao tangu ujana wangu.

Aliuamini mara moja, Tekla. Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma kuliko sindano. Alisema kumbe mwanangu ungeuza hata kitovu cha dada yako upate mchanga unaong'aa. Akasema nisimpigie tena. Akakata. Nimezoea uongo wa kunirefusha, huu umenifanya kimo cha kuku. Nilikaa na simu sikioni mpaka ikapoa.

Basi nakuomba usimbembeleze anisamehe. Mwache na hasira zake. Ndizo zilizomshika mkono kwenye ndege badala yangu, na mtu mwenye hasira hana nafasi ya kuogopa. Usimwambie neno mpaka awe amempakata mtoto. Nikipona nitampigia mwenyewe nimwambie yote, anitukane vizuri. Ila kama atakayepiga simu ni Frida, mpe mama kiti kwanza.

Barua hii Frida anampa Amos, dereva wa basi, amkabidhi mama stendi ya Ipogolo, pale Iringa. Frida ameipiga pasi ya mkaa ili ugonjwa ufe njiani, kwa hiyo ukiona pembe imeungua, jua umependwa. Mama amekubebea unga wa ulezi wa uji wa uzazi. Unywe hata kama wakikuambia huko kuna vidonge.

Msalimie shemeji, mwambie nitamwona Mungu akipenda. Salamu kwa majirani zako wote, hata wasionijua.

Na mtoto akilia mara ya kwanza, usiku au mchana, isogeze simu mdomoni kwake. Nitakuwa macho.

Ni mimi kaka yako, mjomba wa huyo,
Zabron