Redio Ilisema, Wewe Ukacheka

Mpwa wangu Chacha,

Sijashika kalamu kuandika barua tangu nilipoishia darasa la tano, na darasa la tano la wakati wetu lilikuwa linatoa wanaume wanaosoma mpaka gazeti lililofungiwa sukari. Ningekupigia, ila simu yangu hupokei. Basi hii nampa dereva wa basi la Mwanza, na sikuifunga. Akitaka kuisoma njiani aisome. Mambo yenyewe kijiji chetu kizima cha Ringwani kinayajua.

Unaikumbuka redio yangu ya mkanda wa ngozi? Wewe ndiye ulikuwa unaanika betri juu ya bati zipate nguvu ya jua, na jioni uwanja wangu unajaa. Taarifa ya habari ikiisha hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wananigeukia mimi, kwa sababu redio inasema tu, anayefafanua ni mtu. Redio ikisema mvua zitachelewa, mimi nawaeleza kwa kikwetu zimechelewea wapi na huko ziliko zinakula nini. Siku moja uliniuliza mbele za watu, "Mjomba, hiyo ya simba kupanda basi, redio imesema?" Nikakujibu redio imeisema kwa kifupi. Mzee Magige alicheka mpaka akamwaga uji wake. Na wewe ulicheka, umeegemea goti langu.

Chumvi niliitia, sikatai. Lakini nitajie mtu mmoja aliyelala njaa kwa sababu ya chumvi yangu. Redio iliposema pandeni, niliwaambia pandeni. Hapo sikuwahi kuongeza kitu.

Halafu ukasoma, ukapata kazi ya mezani, ukafungua lile kundi la simu la watu wa kijijini. Tangu hapo habari ilikuwa haiwi habari mpaka ipite kwako. Mtendaji akitangaza, mchungaji akitangaza, watu wanasema ngoja tumsikie Chacha. Ukiandika kwamba ni kweli, imekuwa kweli. Ukiandika kwamba ni uzushi, hata mwenye kidonda anaambiwa hana kidonda. Mimi sikuona wivu. Nilikuwa natembea mnadani kifua mbele nikiuliza watu, nani alimfundisha yule kusikiliza habari?

Ndipo dada yako Robhi akachumbiwa na watu wa kule Nyanungu, mpakani. Wiki ya kuleta ng'ombe wa mahari, redio ikatangaza kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia kata za mpakani, kulekule kwa wakwe, na mifugo isihamishwe mpaka ichanjwe. Niliisikia asubuhi, nikaisikia tena mchana. Nilikwenda kwa mama yako mbio, na mbio zangu unazijua, swala wa mbugani wananipisha. Nikamwambia, dada, waombe wakwe wawashikilie wale ng'ombe kwanza. Neno langu la kuongeza halikuwemo hata moja.

Wazee waliokuwa wanapanga mapokezi wakaguna. Mmoja akauliza kama hiyo homa nayo imepanda basi. Mwingine akasema huyu ameona ng'ombe wa mjomba aliyetengewa ni mdogo, sasa anaharibu. Mama yako hakucheka. Alichukua simu akakupigia, akaweka spika, tukasogea wote.

Ulicheka kwanza. Kisha ukasema, "Mama, mjomba si unamjua? Pokea ng'ombe."

Basi. Hukuuliza redio gani wala imesema nini. Wewe, uliyekuwa unaanika betri.

Ng'ombe wakaja kwa nyimbo, wakachanganywa zizini na wale wa mama yako, wale wale ambao kila muhula alikuwa anauza mmoja ili wewe ukae darasani. Nilikula nyama ya sherehe kimya, na mimi kula kimya si kawaida yangu. Kikohozi kilianza kwa fahali wa mahari, kikahamia kwa ng'ombe wa maziwa, kikaruka ua kwenda kwa Magige. Wakati bwana mifugo anafika, sisi tulikuwa tunachimba mashimo ya kuzikia. Mama yako alisimama mlangoni mwa zizi akimwita kila mmoja kwa jina lake, na wewe kule kwenye simu za watu likatokea tu neno kwamba umeondoka kwenye kundi. Hukuandika pole.

Na unajua analaumiwa nani? Si wewe. Eti mimi nina mdomo mbaya, nilitamka ugonjwa ndio ukaja. Kuna mama mmoja hapa nikipita anawaita watoto wake ndani. Nimelivaa hilo joho, Chacha, na lilikatwa kwa kipimo chako.

Sasa chanjo imefika. Mama yako amebakiwa na mtamba mmoja tu, yule ambaye siku ya mapokezi nilimswaga nikamficha kwangu bila kumuuliza mtu. Lakini maneno yameenea kwamba sindano inaua mimba, na watu wamefunga mazizi. Bwana mifugo amepita na kipaza sauti, hakuna. Mchungaji ametangaza ibadani, hakuna. Nikaenda mimi, nikamweleza dada yangu taratibu, bila kutia chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Chacha amesemaje?"

Baada ya yote yale, Chacha. Mazizi matupu, na bado anauliza wewe umesemaje.

Nikamwambia umepiga simu asubuhi. Umesema apelekwe.

Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeletewa maji. Akauliza kama unakula vizuri, nikasema unakula. Akamfungua mtamba kwa mkono wake, na njiani kila aliyemuuliza alimjibu kwamba Chacha ndiye amesema. Nyuma yetu mazizi yakaanza kufunguliwa. Magige akatoa wake wawili waliobaki. Hata yule mama anayewaficha watoto alikuja na mbuzi, akarudishwa nao, chanjo ni ya ng'ombe. Nimesimulia watu maisha yangu yote, na siku hiyo tu ndiyo hakucheka hata mmoja.

Sikuandikii ili unishukuru. Nimeona ujue kwamba jina lako bado linafanya kazi hapa, na mwenye kulifanyisha kazi ni mimi uliyenicheka.

Jana jioni mama yako ameniuliza swali lingine. Chacha amesema atakuja lini? Nilijifanya naangalia kamba ya mtamba. Habari za mifugo nitazisema kwa jina lako, hata kesho. Hiyo nyingine sitaisema. Hiyo piga simu, umwambie mwenyewe.

Ni mimi, mjomba wako,
niliyenyonya ziwa moja na mama yako.