Hadithi ya Dungu

Ifakara, Jumapili, Mei 1957

Nimemficha binti yangu Paulina jambo moja, na kwa ajili yake leo rafiki yangu amefukuzwa mlangoni.

Yohana ametoka Nyasa, na uzee wote ule, aje anione kabla sijafa. Tulikaa chumba kimoja Ulaya, waandishi wawili tukigombea blanketi. Kitabu chake kilichompa jina kinamhusu mama anayewinga ndege wa mpunga akiwa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Mama yule ni wangu. Dungu lile lilikuwa Lupiro.

Nilimsikia Paulina akisema, "Shikamoo mzee. Lakini humu huingii."

"Mwanangu, mwambie tu ni Yohana."

"Ndiyo maana huingii. Umeshakula hadithi ya baba, sasa umefuata na ubwabwa wa matanga?"

Maneno hayo ya wizi aliyasikia kwangu mimi.

Yohana alicheka kidogo, kisha akangoja. Alijua nasikia, maana kitanda changu kiko nyuma ya ukuta wa mlango ule. Angeweza kumwambia ukweli. Hakumwambia. Mimi nilikohoa tu, mpaka nikasikia fimbo yake ikienda zake.

Paulina akaniletea uji. "Nimemkomesha mwizi wako, baba." Nikanywa.

Kesho Yohana anavuka mto kurudi kwao. Sina miguu ya kumfuata, na mavuno mengine sitayaona.

Hakuiba. Nilijaribu kuiandika hadithi ile miaka mingi, kila ukurasa ukafia mkononi. Mimi mwenyewe nilimpa, nikamwomba aiandike, naye akaiandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza.