Neno la Siri Ulilozikwa Nalo

Rafiki yangu Malongo,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapofunga kompyuta kwa neno la siri ni kumfikiria mwizi peke yake. Hawamfikirii mjane. Mimi niliyefundisha hesabu mpaka nikastaafu, niliyewachosha watoto wa watu kwa kuwaambia wakague jibu kabla ya kukabidhi karatasi, nilikufanyia kosa hilo wewe, na nililifanya kwa ustadi.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Pasiansi umeipakata kompyuta yako kama kuku mgonjwa. Mtu angeweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawaka. Nikakwambia tuhamie Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha, ni nyepesi, mashine iliyozeeka inaimudu. Ukauliza, "Ni ya bure? Mwalimu, vitu vya bure vinanitia wasiwasi." Nikakupa karatasi. Usianze na majina ya programu, nikakwambia, andika kwanza unaitumia kompyuta kufanya nini. Ukaandika mambo matatu: kuandika, picha za wajukuu, na redio. Tukachagua programu tatu, moja kwa kila kazi. Siku mbili ulinung'unika kwamba kitufe cha kuhifadhi kimehamishwa. Siku ya tatu nikasikia unawafundisha wanakwaya wenzako.

Lakini wakati wa kuiweka, mashine ilituuliza kama tunataka diski nzima ifungwe, yaani kila kilichomo kigeuzwe kuwa takataka zisizosomeka mpaka mwenyewe aandike neno lake la siri. Wengi hulipita swali hilo. Mimi nilisimama hapo nusu saa nikikueleza, maana napenda kueleza. "Usiliandike popote. Usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie." Ukaitikia kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Mwanafunzi mtiifu kuliko wewe sikuwahi kupata.

Kisha nikafungua faili moja kukagua kama mafaili yako yamehama salama. Lilikuwa wasifu wako. Ulichoshwa na misiba yetu, wasifu wa marehemu unaandikwa na shemeji kwa dakika kumi juu ya goti, hata mahali alipozaliwa wanakosea. Wa kwako uliuandika mwenyewe. Macho yangu yakaangukia mstari huu: "Nimezaa watoto wanne. Wa kwanza ni Nyamizi, yuko Sengerema." Mimi niliwajua watatu, Kulwa, Doto na Shija. Uliona nimesoma. "Haya, umeshajua," ulisema. "Funga mdomo mpaka siku yangu."

Nikaichukua flash tuliyohamishia mafaili, nikaifuta mbele yako, nikajisifu kwamba sasa hakuna nakala inayozagaa.

Siku yako ilifika, Malongo. Mdomo nikaendelea kuufunga.

Waliniweka chini ya turubai na kompyuta yako mezani, niutoe wasifu wako usomwe. Mama Kulwa alisema, "Mwalimu, jaribu jina langu." Nikaandika jina la mkeo. Ikakataa. "Jaribu tarehe tuliyofunga ndoa." Ikakataa, na safari hiyo akainamisha uso. Tukawajaribu pacha, tukamjaribu Shija. Mdogo wako Mabula akasema kwa sauti, "Jaribu majina ya ng'ombe wake, hao ndio aliowapenda," na watu wakacheka msibani. Mama Kulwa hakucheka. Nilikinga mkono nikaandika Nyamizi. Nalo likakataa. Angalau hukumpendelea mtu.

Nyamizi mwenyewe alikuwapo. Mwanamke wa makamo, amevuka kwa kivuko asubuhi ile, shada lake amelipakata magotini. Alikuja mpaka mezani. "Shikamoo, mwalimu. Baba alisema wewe ndiye uliyemfundisha kompyuta. Aliniambia nisigombane na mtu, jina langu ameshaliandika, siku hiyo litasomwa." Nikamwitikia marahaba. Halafu nikasema, "Kompyuta imegoma, mwanangu." Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mchafu kama ule.

Mabula akachana karatasi ya daftari akaandika kwa dakika kumi, vile vile ulivyochukia. "Ameacha mjane na watoto watatu." Wakaitwa watoto wa marehemu waweke mashada, wakaenda watatu. Wakaitwa ndugu, wakwe, kanisa. Mwisho kabisa wakaitwa majirani na marafiki. Ndipo Nyamizi akasogea, akaweka shada lake juu ya baba yake katika foleni ya majirani. Mimi nilikuwa mtu wa pili nyuma yake. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ushahidi wa macho yangu. Nikajiambia bila maandishi nitaonekana mchonganishi. Hivyo ndivyo msomi anavyoitaja hofu yake.

Baada ya maziko niliipeleka kompyuta Igoma kwa fundi. Aliigeuza kidogo tu. "Mzee, hii aliyeifunga ndiye anayeifungua. Nikufutie uanze upya?" Aliuliza kwa upole kabisa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkeo, nikamweleza yote, Mabula akiwepo. Mabula akasema, "Onyesha maandishi." Mama Kulwa alinigeukia. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ulikaa na mashine saa tatu nzima ukigonga majina. Jina moja la kusema kwa mdomo lilikushinda?" Akaninyang'anya kikombe cha chai kabla sijamaliza. Hakunifukuza. Alikwenda kukiosha tu, na hakurudi.

Nakulaumu na wewe. Ulikuwa na miaka ya kumwambia mkeo, ukaona ni rahisi zaidi kuiachia mashine iseme ukiwa umeshalala. Uliificha aibu yako ndani ya kompyuta, mimi nikakutengenezea kufuli.

Basi pumzika, ndugu yangu, kama unaweza. Nakuahidi hili: Jumamosi tunaanua matanga, na kabla ya chakula nitasimama mbele ya ukoo wako nikiwa na ule mstari, nimeuandika kwa mkono wangu na kuutia sahihi. Mabula atanitukana. Nitausoma. Kisha nitampelekea Nyamizi karatasi hiyo Sengerema, ingawa si mwandiko wako na yeye analijua hilo.

Wazee bado wanakuja kwangu kuwekewa Linux. Diski zao nazifunga bado, maana wezi wapo. Ila somo lile la nusu saa nimelifupisha, na kila anayekuja simrudishii mashine yake mpaka afanye nililosahau kukufundisha: leo hii, andika neno lako la siri kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, mpe mtu atakayekuzika.