Mvuke wa Asubuhi Ile

Marsh Hollow, Wisconsin
9 Februari

Kwa kaka yangu mpendwa Verlyn,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini baridi ya huko Duluth haijakunyofoa pua, na lile gari lako la kusukuma theluji linawaka bila kubembelezwa. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa, na kila Jumapili anakuulizia.

Hapa kwenye kiwanda cha jibini tumepata mgeni. Ni kioo cha kugusa, kimefungwa kwenye mtambo wa kupasha maziwa, pale pale ulipokuwa ukisimama wewe. Kaka, kina akili hicho! Kila sekunde kinaandika joto la maziwa na nguvu ya mvuke, kinachora mistari, na ukigusa chochote kinaweka jina lako na saa. Unaikumbuka ile karatasi ya duara ya kuchorea joto, na kalamu yake iliyokaukakauka wino? Hiki hakikauki. Mzee Orvin anakiita mama mkwe, eti hamfokei mtu lakini hasahau kitu.

Jumanne kikamnasa yeye mwenyewe. Joto lilishuka, kikapiga king'ora, na maziwa yakaanza kurudishwa nyuma yapashwe upya. Meneja wetu, Bi. Tessmer, akaja mbio akiuliza nani amechezea joto. Kioo kikajibu kabla yetu: hakuna aliyeligusa. Mstari wa mvuke ndio ulioanguka kwanza, saa tatu na dakika arobaini na mbili, wa maziwa ukaufuata. Dakika ile ile Orvin alikuwa amefungua mvuke wa kuoshea mapipa, unaotoka bomba lile lile, kabla ya wakati wake. Mzee akacheka, akasema haya, mama mkwe kanikamata. Akaufunga, na hatukumwaga hata lita moja. Nilikitazama kile kioo nikakivulia kofia.

Kisha Orvin akaacha kucheka. Akasema basi Verlyn tulimwonea bure, maana lile tangi zima lililomwagwa, ukafukuzwa wewe kwa kuambiwa umechezea joto, lilianza hivi hivi. Akauliza nani alikuwa anaosha mapipa asubuhi ile. Karatasi ya zamani ina mstari mmoja tu, wa joto, wala haina jina la mtu.

Ni mimi, kaka. Ilikuwa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, wakwe zangu wananisubiri, nikafungua mvuke mapema ili niwahi kuondoka. Uliposema hukugusa kitu, nilijua unasema kweli. Carla alikuwa mjamzito, nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Baba alizikwa akiamini ulifanya uzembe, na jeneza lake tulilibeba mimi na wewe bega kwa bega. Naona haya hata kuandika.

Kioo hakikuwepo siku ile, lakini mimi nilikuwepo. Jana nimeitoa ile karatasi ya duara kabatini, nikaandika pembeni kwa mkono wangu: mvuke wa kuosha mapipa, saa tatu kasorobo, na jina langu lote. Nikampa Bi. Tessmer. Amesema atakuandikia mwenyewe, na mimi nikae nyumbani mpaka niitwe.

Mama nimemwambia. Alilia, halafu akaniwekea kalamu mezani na kusema chakula sipati mpaka nimalize barua hii. Sikuombi unisamehe upesi. Carla na watoto wanakusalimu sana, na kitanda chako bado kipo.

Nduguyo aliyeosha mapipa,
Gordon Rindt