Kikombe cha mbio za leo

Yasmina we, nimeshinda mbio. Apana, usinipongeze. Usinipigie pia, siwezi kuongea. Soma tu.

Kabla ya kuanza tulisimama dakika moja kimya, kwa ajili ya wale wa basi walioshambuliwa kwa risasi alhamisi kule milimani. Kaka yake Elvire alikuwemo. Elvire mwenyewe alikuja kukimbia kwa ajili yake, akasimama pembeni yangu.

Halafu yule mujinga wa kuanzisha mbio akapiga bastola. Bastola! Siku zote ni filimbi, na kila mutu anajua kwa nini.

Wote wakalala chini, Yasmina. Wote! Wakimbiaji sitini, kifudifudi kwenye lami. Elvire akanishika mguu: "Lala, watakuua!"

Nikamupiga teke kwenye mukono. Nikamupiga teke, nikakimbia.

Walipoinuka wakicheka, mi nilikuwa mbali. Sasa kila mutu ananisifu: eti nina roho ngumu, mi peke yangu nilijua ni mchezo. Hata Elvire kaja kunikumbatia, vidole vimevimba. "Ulijua," ananiambia. "Wenzako tuliogopa bure."

Sikujua, Yasmina. Mi nilijua ni risasi za kweli. Nikamuacha Elvire pale chini.