Ubeti wa Mjomba Kamugisha

Temeke, 8 Machi 1954

Baba mpenzi,
Shikamoo. Hatujambo, ila vumbi la huku linatukohoza. Mguu wako umepata nafuu?
Wazungu wa sinema wamekuja shuleni kwetu, wamenichagua niimbe katika mchezo wao wa nyimbo. Ni kisa cha mtu aliyefungwa kwa kumrudishia kofi msimamizi wa Kizungu. Nimewapa wimbo wa marehemu Mama, aliomlilia Mjomba Kamugisha alipofia gerezani. Wameahidi kuuweka wote, hata ubeti wa mwisho: "Aliyekufunga anakula ndizi zetu."
Mwanao, Jovina

Bukoba, 2 Aprili 1954

Binti yangu,
Marahaba. Mguu unauma, mdomo hauumi. Miaka ishirini nawajibu Wazungu hao magazetini. Ahadi zao nazijua kuliko rozari. Wimbo wa kilio haukatwi. Ukikatwa, mfu amefungwa tena. Hakikisha kwa masikio yako.
Baba yako, Apolinari

Temeke, 20 Novemba 1954

Baba,
Shikamoo. Pole na mvua.
Sinema imefika, lakini wakaguzi wameandika: isionyeshwe kwa Waafrika. Nimerudishwa mlangoni. Mke wa mwongozaji anasema naweza kuingia kama mtumishi, nimbebee mama yake mto wa kukalia. Niingie?
Mwanao, Jovina

Bukoba, 11 Desemba 1954

Jovina,
Usiingie. Hakuna haki inayosikilizwa kwa kubeba mto wa mtu. Nimeshaandika gazetini.
Baba yako

Temeke, 13 Desemba 1954

Baba,
Shikamoo. Natumaini u mzima.
Sikungoja jibu lako. Jumamosi alasiri lilikuwa onyesho la mwisho. Nilibeba mto. Wimbo ulipokaribia ubeti wa mwisho, sauti yangu ikakatwa, wakaweka ngoma. Bibi niliyembebea mto akaniambia, "Una sauti tamu, Jovina."
Nikasimama, nikaumalizia. Taa zikawashwa. Nikaurudia mara tatu, kama msibani, wananitazama tu.
Leo shule imenifukuza. Nilikosea kuingia?
Mwanao

Bukoba, 9 Januari 1955

Mwanangu,
Marahaba. Barua yangu ya kukukataza ichome. Ile ya gazetini hawakuichapa, na hata wangeichapa, wangeisoma wakinywa chai.
Niliwaita ndugu za mama yako, nikawasomea barua yako. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yako mdogo Auleria, asiyenisemesha tangu mazishi ya Kamugisha, alituma wembe uletwe. Tulinyolewa wote pale uani, maana sasa matanga ya Kamugisha yamekwisha.
Kichwa kinapata baridi. Njoo nyumbani upumzike, kisha urudi huko, hata kama shule imekukataa.
Baba yako, Apolinari